Dalili haiishi na dawa ushameza: namna ya kutumia kliniki ya mtaani ili kansa ishikwe mapema

Watu wengi wafikiri kansa hujulikana kule hospitali kubwa kwenye mashine. Lakini karibu kila mgonjwa wa kansa niliyemuona alianzia kwenye benchi la dispensari ama dirisha la kemisti, akiwa na kitu kidogo tu, kikohozi, tumbo, kidonda, damu kidogo, na hapo ndo miezi hupotea. Mimi ni nesi wa kliniki ya chini hapa Mombasa kwa hivo naandika nikilijua benchi lile vizuri, foleni ishatoka mpaka nje, klinikal ofisa ni mmoja, na kila mgonjwa ana dakika chache za kueleza shida yake. Hii ni ya mtu aliye na dalili imekwama, ama aliye na mamake au babake nyumbani ambaye kila siku aambiwa ni alsa.

Kwanza ujue kwa nini kazi hii ni ngumu. Kuna daktari wa Uingereza aitwa Willie Hamilton, alikuwa akitibu watu kliniki za kawaida kule Exeter na huku yuafanya utafiti, yeye na wenzake walichukua faili za wagonjwa wa kansa wakarudi nyuma kusoma walikuwa wakilalamikia nini kabla haijajulikana. Walichokuta ni kwamba dalili moja ikiwa peke yake mara nyingi haina nguvu, chukua watu mia wanaokohoa ama wanaoharisha, mwenye kansa pengine hata mmoja humpati. Lakini dalili ile ile ikirudi mara ya pili na ya tatu, ama ikiungana na nyingine, mfano mtu yuakonda na damu yake imeshuka, hapo hesabu yapanda. Ndo maana mwaka 2015 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, ilisema mtu mzima apelekwe vipimo vya haraka hata ikiwa uwezekano wa kansa ni asilimia 3 tu. Yaani kati ya mia wanaopelekwa, 97 waweza kurudi nyumbani hawana. Kwa hivo ukipewa barua ya rufaa usianze kulia njiani, hujaambiwa una kansa, umeambiwa tuhakikishe.

Na sasa angalia vile sisi twaishi. Kikohozi umeenda nacho dispensari ya Likoni, dawa ya pili umenunua kemisti Mwembe Tayari manake ulikuwa mjini, ya tatu ulipewa Kisauni ulipokwenda kumtembelea dadako. Kila mmoja ameona mara ya kwanza. Hakuna aliyeona mara ya tatu, na ile ya tatu ndo yenye habari.

Kwa hivo jambo la kwanza na mimi naliweka juu ya yote: DAFTARI MOJA. Si wajua dispensari zetu waja na daftari lako na klinikal ofisa aandika humo, basi watu wengi kila kliniki mpya wanunua daftari jipya, lile la zamani watoto washachorea. Alikuja kwetu mzee mmoja na bintiye, binti kabeba bahasha ya kaki ndani mna daftari tatu, kila kliniki na lake. Ukisoma moja moja huoni kosa popote, la kwanza lasema alsa, kapewa dawa ya asidi, la pili lasema koo, kapewa antibayotiki, la tatu lasema hana hamu ya kula, kapewa vitamini. Tukazipanga mezani tukafuata tarehe. Mwanzo kabisa mahamri hayapiti mpaka ayachovye kwenye chai, miezi miwili mbele wali wamkwama kifuani na lazima asukumie na maji, sasa hivi ni uji tu na uji wenyewe mwepesi, na uzito ulioandikwa pembeni kwa kalamu na manesi watatu tofauti ni kilo 68, kisha 63, kisha 57. Hakuna mtu aliyehitaji mashine kuiona ile, ilitaka tu kurasa tatu ziwe pamoja. Alipelekwa kamera ya koo, ule mpira mwembamba wenye kamera unaoshushwa kooni, wiki hiyo hiyo na uvimbe ulikuwepo.

Basi daftari liwe moja, liandikwe jina na mwaka wa kuzaliwa juu, ulifunike na plastiki kama la shule lisiloe. Ukinunua dawa kemisti bandika ile pakiti ndani ama uandike jina na tarehe. Kila ukienda kliniki omba upimwe uzito na uandikwe, hata kama umekwenda kwa jino. Kama hukuja nalo siku hiyo, ile karatasi utakayopewa igundishe ndani ukifika nyumbani. Na usione haya kumwambia daktari "naomba uangalie kurasa za nyuma", watu waona ni utovu wa adabu lakini mimi nakwambia kutoka upande wetu wa meza, yatusaidia sana.

Jambo la pili ni maneno yenyewe. Wengi wetu tukiingia ndani tukisalimia tukiulizwa "shida nini" twasema "mwili wote" ama "naskia vibaya tu", kisha tukishaandikiwa panadol na tumeshika kitasa cha mlango ndo twasema "na pia daktari nilikuwa natoka damu kidogo". Anza na ile ya damu. Kabla hujatoka nyumbani andika mambo matatu: ilianza lini, ushatibiwa mara ngapi na dawa gani, na imebadilika vipi tangu ianze. Ukiwa umemsindikiza mzazi sema kwa heshima lakini useme, mfano hivi:

"Shikamoo daktari. Huyu ni mamangu. Damu ya mwezi ilikata miaka kumi iliyopita, sasa imerudi tangu kabla ya Ramadhani, hii ni mara ya tatu twaja, mara mbili tulipewa dawa za infeksheni na hazikusaidia."

Sentensi moja hio yatosha kumuamsha klinikal ofisa yeyote. Usimalizie na "lakini labda ni uzee tu", muache yeye aamue.

Haya yenyewe naijua. Mama wa kibara na mama wa kiswahili wote wawili hawataki kusema damu hutoka baada ya kulala na mume, na mzee hataki kusema choo kina damu mbele ya nesi wa umri wa mjukuu wake. Omba nesi mwanamke, ama omba daktari mwanamume, omba mlango ufungwe, ni haki yako na wengi wetu tutakupangia hata ikibidi ungoje kidogo. Ukishindwa kabisa kutamka andika kwenye daftari ufungue ukurasa umpe asome. Hio nshaona ikifanya kazi.

Sasa dalili. Siorodheshi zote, nasema zile ambazo hapa kwetu huvaa nguo za ugonjwa mwingine na kupita.

Damu kwenye mkojo. Pwani sisi twajua kichocho, na ni kweli kichocho kipo, Kwale na Tana River watoto wengi wamekuwa nacho, kwa hivo mtu mzima akikojoa damu apewa dawa ya kichocho ama ya infeksheni na kuambiwa aende. Sawa, apewe. Lakini mtu wa miaka 45 kwenda juu ikiwa damu imerudi baada ya dawa, ama mkojo umepimwa na hakuna infeksheni, huyo ataka skani na kamera ya kibofu, hata kama haumii. Hasa kama haumii. Na kichocho cha muda mrefu chenyewe huleta kansa ya kibofu kwa hivo "nilikuwa nacho tangu utotoni" si sababu ya kutulia, ni sababu ya kwenda.

Kumeza. Chakula kigumu kikianza kukwama usingoje mpaka maji yakwame. Kenya ni katika nchi zenye kansa nyingi ya umio, ile njia ya chakula kutoka koo hadi tumbo, na kule hospitali ya Tenwek, Bomet, wameandika hata kuhusu vijana chini ya miaka 30 waliokuwa nayo, kwa hivo usiambiwe "wewe ni mdogo". Alsa huchoma, hukera, lakini alsa ya kawaida haizuii mkate kupita. Ukipata dawa ya asidi na chakula bado chakwama, omba kamera kwa jina lake, endoskopi.

Kidonda cha mdomoni kilichopita wiki tatu, ama baka jeupe au jekundu lisilofutika. Hapa nasema na watu wa tambuu bila kuficha, popoo peke yake hata bila tumbaku shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) limeiweka kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa uhakika, na tumbaku ya kutafuna iko hapo hapo. Daktari wa meno ndo mara nyingi humuona huyu wa kwanza, kwa hivo ukienda kung'oa jino mwambie aangalie na chini ya ulimi.

Kikohozi. Mombasa kikohozi cha wiki mbili ni TB mpaka ithibitishwe vingine na sawa kabisa, toa makohozi yapimwe. Shida ni pale TB haikuonekana na mtu bado akohoa, ama amemaliza dawa za TB na bado akonda. Eksrei ya kifua ni hatua nzuri ila watafiti waliokusanya tafiti za Uingereza na kwengineko walikuta kwamba eksrei hukosa karibu kansa moja ya mapafu kati ya tano. Eksrei ikiwa safi na damu bado yatoka kwenye makohozi, ile karatasi safi isikufunge mdomo.

Choo chenye damu wengi huambiwa bawasiri ama amiba. Yaweza kuwa. Kama ni mtu mzima, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa na damu mwilini imeshuka, aangaliwe utumbo. Mwanamume yeyote mtu mzima, ama mwanamke ambaye hedhi ilishakoma, akikutwa na upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma, swali ni moja: damu yaenda wapi? Kumpa tembe za chuma na kumrudisha nyumbani bila kuuliza hilo swali ni nusu ya kazi.

Titi twalijua sote, uvimbe, chuchu iliyoingia ndani, ngozi iliyokunjamana, maji ya damu. La kuongeza ni kwamba uvimbe wa kansa mara nyingi hauumi mwanzoni, kwa hivo kutouma kusikutulize. WHO imeweka lengo kwamba kutoka siku mama ameonyesha uvimbe kliniki mpaka uchunguzi kukamilika isizidi siku 60. Andika ile tarehe ya kwanza kwenye daftari uanze kuhesabu.

Watoto kwa ufupi: mboni ya jicho ikionekana nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa na flashi, ama taya linavimba haraka na si jino, nenda leo.

Kuna vipimo vidogo ambavyo watu hudharau manake ni rahisi. Uzito nishasema. Hemoglobini, yaani kiwango cha damu. Kijiti cha mkojo. Kuangaliwa mlango wa kizazi kwa siki ama kwa kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta kansa hio, ambacho mwanamke aweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, WHO yashauri kuanzia miaka 30, na kwa anayeishi na virusi vya ukimwi kuanzia 25. Lakini elewa hicho ni cha asiye na dalili, wewe ukiwa tayari watoka damu usiingie foleni ya skrini, yaani uchunguzi wa wasio na dalili, ukatosheka na jibu la skrini, sema una dalili uangaliwe kama mwenye dalili.

Kisha kuna ile karatasi ya fulu hemogramu, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ambayo mtu husoma hemoglobini tu akaikunja. Angalia pia mstari wa pleteleti, chembe zinazogandisha damu. Watafiti wa Exeter mwaka 2017 walitoa matokeo ya watu wa miaka 40 kwenda juu ambao pleteleti zao zilipita 400, wakakuta ndani ya mwaka mmoja asilimia 11.6 ya wanaume na asilimia 6.2 ya wanawake walipatikana na kansa, za mapafu na utumbo zikiongoza. Hapa kwetu infeksheni na upungufu wa chuma pia hupandisha pleteleti, kwa hivo usikimbie na karatasi ukalie, tibiwa kilichoonekana halafu rudia kipimo, na kikibaki juu uliza. Na kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, FIT, Uingereza tangu 2023 NICE yataka kiwe cha kwanza kwa wengi wenye dalili za utumbo, kikifika mikrogramu 10 za hemoglobini kwa gramu moja ya choo mtu apelekwa kamera haraka. Uliza maabara iliyo karibu nawe kama wanacho.

Na kitu kimoja ambacho chaonekana si cha kisayansi lakini kimefanyiwa utafiti: daktari kuhisi tu kwamba kuna kitu. Watafiti walipokusanya tafiti za kliniki za kawaida walikuta daktari akiwa na hisia hio, kansa kweli hupatikana zaidi. Kwa hivo klinikal ofisa akikwambia "mama mimi hii siipendi, nenda ukapimwe" na vipimo vidogo vyote viko sawa, nenda. Usimbishie na karatasi.

Sasa hili msilisahau. Kabla hujatoka chumbani uliza: "Dawa hizi zikiwa hazijasaidia, nirudi lini, na niangalie nini?" Liandikwe, tarehe kamili, kwenye daftari. Madaktari wa kliniki za msingi nchi nyingi wafunzwa kumpa mgonjwa neno hilo la mwisho, ila foleni ikiwa ndefu husahaulika, basi likumbushe wewe. Na tarehe ikifika RUDI, kliniki ile ile, usihame. Watu huhama wakidhani wamwadhibu daktari, kumbe wajirudisha mwanzo. Ukilazimika kuhama, hama na daftari. Uingereza kwenyewe, kansa ya uboho wa mifupa ile yaitwa mailoma, karibu nusu ya wagonjwa walionana na daktari mara tatu au zaidi kabla ya kupelekwa hospitali, si kwa sababu madaktari ni wabaya, ni ugonjwa uliojificha kwenye maumivu ya mgongo. Kule ziara ya tatu ilihesabiwa kwa sababu faili ni moja.

Kisomo na dua hakuna anayekukataza, na mitishamba ya nyanya nami nimekunywa. Ombi langu ni viende sambamba, siku ile ile. Mwaka 2020 jarida la BMJ lilichapisha mkusanyiko wa tafiti ulioonyesha kuchelewa kufanyiwa upasuaji kwa wiki nne tu kwapandisha hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8, na kila wiki nne nyingine zaongeza juu yake. Mganga anayekwambia acha hospitali kwanza miezi mitatu, huyo muogope.

Ukipata rufaa. SHA, bima ya afya ya serikali, hakikisha ushajisajili kabla hujaumwa, *147#, dispensari na senta za afya za serikali zalipiwa na mfuko wa afya ya msingi ila matibabu ya hospitali kubwa na ya kansa yataka michango yako iwe imelipwa. Barua ya rufaa isomeke, iwe na dalili, muda wake, uzito na vipimo, ikiwa imeandikwa "abdominal pain" peke yake mrudishie kwa upole umwambie aongeze. Wengi mtapelekwa Makadara, yaani hospitali kuu ya Coast General, nenda asubuhi mapema hasa ukitoka upande wa Likoni manake feri haina dhamana, na uende na mtu, sababu maelezo ni mengi na mwenye hofu hasikii nusu.

Kinyama kikikatwa, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kuna jambo dogo ambalo laweza kukuchelewesha mwezi. Mara nyingine ndugu ndo hupewa kichupa apeleke maabara mwenyewe. Angalia kinyama kimezama kabisa kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi kisioze, dawa iwe nyingi mara kumi kuliko kinyama, kifuniko kimekaza. Jina, tarehe na sehemu kilipokatwa viandikwe kwenye mwili wa kichupa, si kwenye kifuniko, sababu kule maabara vifuniko hufunguliwa vikawekwa kando. Fomu na kichupa vilingane herufi kwa herufi, kama ni Mwanaisha kwenye fomu isiwe Aisha kwenye kichupa. Uliza majibu yatoka lini, chukua nambari ya maabara, na siku hio uende mwenyewe, usingoje kupigiwa simu. Omba nakala yako, piga picha, weka na daftari.

Na majibu yakija safi, alhamdulillahi, lakini tazama dalili iko wapi. Kama imeisha, basi. Kama bado chakula chakwama, bado damu yatoka, bado uzito washuka, rudi na hayo majibu safi mkononi useme hivi: "Daktari, karatasi yasema hakuna kitu, na mimi bado naumwa. Je kinyama kilikatwa mahali penyewe, na tuangalie nini kingine?" Mara nyingine kinyama huchukuliwa pembeni mwa uvimbe na itabidi kikatwe tena.